Je, Wajua? Anayelala Mdomo Wazi Huenda Pua Imeziba

Dodoma imekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katikati ya uwanda unaopata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi. Aliyehamia kutoka pwani, kama walivyohamia maelfu ya watumishi wa serikali tangu mwaka 2016, hulijua hilo kwa pua yake kwanza: midomo inapasuka, pua inakauka na kufanya ukoko, asubuhi koo linawasha.

Ingia usiku wa Agosti kwenye chumba wanacholala watoto, iwe Chang'ombe, Nkuhungu au kijijini Mvumi. Hukosi kumkuta mmoja amelala chali, mdomo wazi, meno ya juu yanaonekana, udenda umelowesha mto. Watu wazima hucheka na kusema mtoto kachoka. Wengine humtikisa na kumwambia afunge mdomo. Safu hii inamtetea mtoto huyo. Mara nyingi hana tabia mbaya wala uzembe. Anatafuta hewa kwa njia pekee iliyobaki wazi.

Kazi ya pua ambayo mdomo hauiwezi

Mtu mzima huvuta lita zipatazo 10,000 za hewa kwa siku. Hewa ikipita puani hukutana na vinyama vilivyojikunja, vitatu kila upande, vilivyojaa mishipa ya damu. Hivyo ndivyo vinavyoipasha joto na kuilowesha. Hata usiku wa Julai, Dodoma ikishuka hadi nyuzi 13 au 14, hewa hufika nyuma ya pua ikiwa na nyuzi zaidi ya 30 na imeshiba unyevu. Vumbi hunaswa na ute, na vijinywele visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo nyuma kuelekea kooni, ukamezwa na kuishia tumboni.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii: pua hurudisha maji. Tunapotoa pumzi kupitia puani, sehemu ya unyevu huachwa kwenye kuta za pua ikingoja hewa inayofuata. Watafiti wa Sweden walipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2006: mtu anayetoa pumzi kwa mdomo hupoteza maji asilimia 42 zaidi ya anayetoa kwa pua. Kwenye hewa kavu ya uwanda wa kati, usiku mzima wa kupumua kwa mdomo ni usiku mzima wa kukausha kinywa.

Na pua hupumzika kwa zamu. Mwaka 1895 daktari Mjerumani, Richard Kayser, alieleza kwamba vinyama vya upande mmoja huvimba huku vya upande wa pili vikinywea, kisha baada ya saa kadhaa hubadilishana. Kwa hiyo ukihisi tundu moja zito na jingine jepesi, halafu baadaye ikawa kinyume, hiyo si mafua. Tundu lile lile likiziba wiki baada ya wiki, hapo kuna la kuangaliwa.

Wimbo wa kubembeleza hufungua kitu

Ndani ya mifupa ya uso, kandokando ya pua, kuna mashimo yanayotengeneza gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo hutanua mishipa ya damu, na waliogundua kazi yake mwilini, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Anayevuta hewa kwa pua huishusha gesi hii hadi kwenye mapafu. Anayevuta kwa mdomo huikosa. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden, Weitzberg na Lundberg, waligundua kwamba mtu akivumisha sauti puani, mdomo ukiwa umefungwa, gesi inayotoka puani huongezeka takriban mara 15 kuliko anapotoa pumzi kimya kimya. Mama anayembembeleza mtoto kwa kuvumisha wimbo bila kufungua kinywa anafanya jambo hilo hilo bila kupimwa na mtu.

Meno usiku

Kinachoyalinda meno yetu kuliko mswaki ni mate. Kwa siku tunatoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Mate husafisha mabaki ya chakula, hupunguza uchachu unaotengenezwa na bakteria, na hurudishia meno madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyonyofolewa mchana. Usingizini tezi za mate hupunguza kazi hadi karibu na sifuri. Kile kidogo kilichobaki, hewa kavu inayoingia mdomoni hukikausha.

Katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, watafiti waliwapa watu wazima 10 wenye afya kifaa kidogo cha kuvaa mdomoni kinachopima uchachu usiku kucha. Kuna usiku walilala kawaida, na kuna usiku walibanwa pua ili wapumue kwa mdomo. Kwenye kipimo cha uchachu, 7 ni katikati, na namba ikishuka uchachu unapanda. Usiku wa kawaida wastani ulikuwa 7.0, usiku wa pua kubanwa ulikuwa 6.6, na kuna nyakati namba ilishuka hadi 3.6. Gamba gumu la jino, enameli, huanza kuyeyuka namba ikishuka chini ya 5.5 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Washiriki walikuwa wachache na muda ulikuwa mfupi, lakini madaktari wa meno wameyaona matokeo ya miaka mingi vinywani mwa wagonjwa wao.

Sasa weka ubuyu kwenye hesabu hii. Uwanda wa kati ni nchi ya mibuyu, na hakuna mtoto wa Dodoma asiyeujua ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi nyekundu, unaouzwa kwenye vipakiti langoni mwa shule. Unga wa ubuyu una uchachu wake wa asili, ndio utamu wake. Ukichanganywa na sukari nzito, unagandamana kwenye vishimo vya magego, na mtoto hufyonza mbegu moja baada ya nyingine kwa muda mrefu. Chukua kioo na tochi umwangalie mtoto aliyemaliza kipakiti: kwenye gego la chini, katikati ya mikunjo, utaona uji mwekundu umejaza bonde la jino hadi pembeni. Mchana mate yataushughulikia. Akienda nao kitandani, pua imeziba na kinywa kikavu, hakuna wa kuuondoa hadi asubuhi. Sisemi mtoto anyimwe ubuyu. Una vitamini C na ni chakula cha kwetu. Ale mchana, asukutue kwa maji, apige mswaki kabla ya kulala, na baada ya mswaki asiweke kitu mdomoni isipokuwa maji.

Ufizi unaosema ukweli

Mtu akikuuliza utamjuaje anayepumua kwa mdomo hata akiwa macho, inua mdomo wake wa juu. Kwa wengi, ufizi wa meno ya mbele ya juu huwa mwekundu, umevimba na unang'aa, hasa pale ambapo mdomo wa juu haufiki kuufunika. Ufizi wa pembeni, uliositiriwa na mashavu, unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Mtoto wa namna hii akipiga mswaki hutoka damu, naye huacha kupiga mswaki sehemu ile kwa kuogopa maumivu. Utando huongezeka, unakuwa ugaga, na harufu ya kinywa haiondoki kwa dawa ya meno yoyote. Kumkaripia kwa uchafu ni kumwonea.

Madoa ya kahawia kwenye meno ni habari nyingine. Singida na sehemu nyingine za uwanda wa kati kuna visima vyenye floraidi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo meno yake yanapoumbika, yaani miaka ya mwanzo ya maisha, yatatoka na madoa ya kudumu. Hilo halitokani na kupumua kwa mdomo wala na kutopiga mswaki.

Nyama za puani

Nyuma kabisa ya pua, mahali ambapo macho hayafiki hata mtoto akifungua kinywa mwisho, kuna tishu ya kinga inayofanana kazi na mafindofindo. Wengi wetu tunaiita nyama za puani. Kila mtoto huzaliwa nayo. Hukua, huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7 hivi, kisha hunywea na mara nyingi huwa imekwisha mtoto anapomaliza kubalehe. Tatizo ni miaka ile ya katikati: njia ya hewa bado ni nyembamba na nyama zimefikia ukubwa wake wote. Mafua yakija juu ya mafua, hufunga njia.

Aliyeandika kwa kina wa kwanza kuhusu nyama hizi alikuwa Wilhelm Meyer, daktari wa Copenhagen, mwaka 1868. Alizifikia kupitia masikio: alikuwa na mgonjwa kijana aliyekuwa hasikii vizuri, akaingiza kidole nyuma ya kaakaa na kukuta tundu limejaa. Sababu ni kwamba mrija unaopitisha hewa kwenda sikio la kati unafunguka pale pale. Ukizibwa, maji mazito hukaa nyuma ya ngoma ya sikio. Ndiyo maana mtoto anayelala mdomo wazi na kukoroma huenda ndiye yule yule anayeambiwa darasani kuwa hasikilizi. Katika darasa la watoto wengi, aliyekaa nyuma na kusikia nusu ya maneno ya mwalimu huonekana mtukutu au mzito, na hakuna anayefikiria pua.

Usiku mambo huwa mazito zaidi. Misuli ya koo hulegea, njia iliyokuwa nyembamba hufunga, pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, mtoto anashtuka, anageuka, anavuta hewa kwa nguvu na kulala tena. Haya hurudia usiku kucha bila yeye kukumbuka. Dalili nyingine ambayo wazazi hawaihusishi na pua ni kukojoa kitandani, hasa mtoto aliyekwisha kuacha akaanza tena. Kuna watoto wengi ambao njia ya hewa ilipofunguliwa, shuka zilikauka. Kabla ya kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake, msikilize anavyopumua.

Je, kila nyama za puani ni za kukatwa? Hapana. Nchini Marekani watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye kukatika pumzi usingizini waligawanywa kwa kura: wengine walitolewa mafindofindo na nyama za puani, wengine walisubiriwa huku wakitibiwa dalili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya miezi 7, vipimo vya kupumua vilikuwa vimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Tabia, usingizi na hali ya maisha viliboreka zaidi kwa waliopasuliwa, ingawa mtihani wa umakini haukuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa "tusubiri tuone" hajapuuzwa, mradi kusubiri huko kuwe na tarehe ya kurudi.

Uso unaorefuka

Ulimi ukiwa umetulia, mdomo umefungwa, hukaa juu ukigusa kaakaa na kulisukuma lipanuke. Mtoto anayepumua kwa mdomo huushusha ulimi chini ili hewa ipite. Kaakaa hubaki jembamba na la juu, mashavu hulibana, na meno ya kudumu yanapotoka yanakosa nafasi. Madaktari wa meno wanaufahamu uso huu: mrefu, midomo haikutani, meno ya juu yamejitokeza mbele, vivuli chini ya macho.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Egil Harvold wa San Francisco aliziba pua za kima wadogo ili aone kitakachotokea. Wote walibadili namna ya kushikilia taya na ulimi, na meno yao yakapangika vibaya, lakini si kwa namna moja. Kwa binadamu uzito wa urithi ni mkubwa, na watafiti bado wanabishana ni kiasi gani cha uso mrefu husababishwa na kuziba kwa pua. Wasilobishania ni umri: taya la mtoto wa miaka 7 bado linaelekezeka, la mtu wa miaka 20 ni mfupa uliokwisha kuamua.

Vumbi, moshi na makamasi

Kongwa, mashariki mwa Dodoma mjini, ni maarufu kwa madaktari wa dunia kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho. Katika vijiji 6 vya wilaya hiyo kulifanyika utafiti wa kuhimiza watoto kunawishwa uso, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1995: watoto walioendelea kuwa na uso safi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata trakoma kali. Uso safi maana yake ni kutokuwa na matongotongo machoni wala makamasi puani. Utafiti ulikuwa wa macho, lakini mzazi anayemfuta mtoto makamasi na kumfundisha kupenga, tundu moja baada ya jingine, anaitunza na pua pia.

Moshi ni jambo la pili. Nyumba ya tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo, imewafaa watu kwa joto na baridi ya nchi hii kwa vizazi vingi, ila jiko la kuni likiwashwa ndani moshi hauna pa kutokea. Kuta za pua huvimba. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya kufika huko, kumhamisha mtoto asilale chumba chenye jiko ni hatua ya leo leo.

Na kama makamasi yanatoka tundu moja tu, yana harufu mbaya, mfikirie mtoto wa miaka 2 au 3 na kilicho karibu naye. Uwanda wa kati ni nchi ya alizeti na karanga, na mbegu huingia puani kwa urahisi. Asichokonolewe kwa kijiti wala pini. Apelekwe kituo cha afya. Ikiwa ni betri ndogo ya saa au ya toi, ni dharura ya saa ile ile, kwa maana huunguza nyama.

Mdomo wazi usio na kosa

Septemba 15, 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule na Mjerumani aliyekuwa wa pili. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mkimbiaji wa kasi ile hupumua kwa mdomo na pua kwa pamoja, na ni sawa: mwili ukihitaji hewa kupita lita 35 hivi kwa dakika, watu wengi hufungua mdomo wenyewe. Anayetakiwa kuangaliwa ni yule aliyetulia, au aliyelala, na mdomo bado uko wazi.

Vivyo hivyo kwa pengo la meno. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, aliandika kwamba Wagogo walitambulika kwa kukosa meno mawili ya mbele ya chini. Mila hiyo ya kung'oa meno ilikuwepo pia kwa Wamasai na wafugaji wengine, na maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, taya zikikaza, aweze kunyweshwa maziwa au uji kupitia pengo. Pengo halimfanyi mtu apumue kwa mdomo. Midomo miwili ikikutana, mlango umefungwa.

Watu wazima hawajasalimika

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yanasema watu wazima takriban milioni 936 duniani, wa miaka 30 hadi 69, hukatika pumzi usingizini. Wengi wao hawajui, na mwenzi wa kitandani ndiye shahidi. Hawa huamka na kinywa kikavu na kichwa kizito, na husinzia mchana. Barabara ya Dodoma kwenda Singida hupitisha malori ya kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo usiku na mchana. Dereva mwenye tatizo hili lisilotibiwa ana uwezekano wa kupata ajali zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Mke anayemwambia mumewe "unakoroma mpaka unanyamaza" amempa taarifa ya kitabibu.

Kabla ya kwenda hospitali

Kuna vipimo viwili vya nyumbani ambavyo hata madaktari huvitumia. Shika kioo kidogo chini ya pua ya mtoto aliyetulia, kikae bapa: kikipata ukungu upande mmoja tu, au kisipate kabisa, pua ina shida. Cha pili, mpe maji kidogo ayashike mdomoni bila kumeza, midomo imefungwa, kwa dakika 3. Mwenye pua wazi atafika. Mwenye pua iliyoziba atayatema mapema.

Maji ya chumvi husaidia pua kavu ya kiangazi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, matone machache kila tundu. Matone ya dukani ya kuzibua pua yasizidi siku 3 hadi 5, kwa sababu yakizidi, pua huvimba kuliko mwanzo. Na ule mtindo wa kubandika plasta mdomoni wakati wa kulala, unaosambaa kwenye simu, usifanyiwe mtoto kabisa. Ushahidi wake ni haba, na mwenye pua iliyoziba anaweza kukosa hewa.

Mtoto anayekoroma usiku mwingi, anayekata pumzi, asiyesikia vizuri au ambaye ufizi wake wa mbele hauponi, anahitaji daktari wa masikio, pua na koo pamoja na daktari wa meno. Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, upewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Daktari atamwona mtoto akiwa macho, amekaa sawasawa, mdomo umefungwa, naye atauliza usiku inakuwaje. Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ya miadi, mrekodi kwa simu dakika 2 au 3 akiwa usingizini, sauti iwe inasikika, kifua na mdomo vionekane, ukamwonyeshe.